Maneno ya Pembeni

Ninyi mnaomsema baba yangu vibarazani, hebu kaeni kitako. Domo ninalo, Kiegeani nzima inalijua, na wa kulikimbia keshalikimbia. Leo nalitumia kwa jambo moja tu. Mzee Muhidini hakumuua Bimkubwa. Nasema hayo mimi Zubeda, bintiye wa pekee, na nikimaliza mtanitazama kwa jicho jingine. Haya, nitazameni.

Baba alikuwa karani wa simu Kilindoni, zama zile simu inakorogwa kwa mkono. Msiba wowote wa Mafia ulipita mikononi mwake kabla ya kuwafikia wenyewe. Siku moja, mimi sijazaliwa, alimpa mama mmoja karatasi yake ya habari ya msiba dirishani kama kazi inavyotaka. Yule mama akaisoma palepale, kambeba mtoto mgongoni, akaanguka naye. Mtoto akavunjika mkono. Baba alirudi nyumbani hakula, na tangu siku hiyo akajiwekea sharti: hampi mtu habari ya kifo mpaka ajue yuko wapi, kakaa na nani, na moyo wake una nguvu gani.

Alipostaafu, kazi ikamfuata nyumbani. Huku kwetu maiti hangojeshwi. Mtu akikata roho asubuhi, alasiri yuko kaburini, na ndani ya saa hizo chache ukoo mzima uwe umeambiwa, wa Unguja, wa Tanga, wa Dar, na hao wa Muscat. Ukimsahau mmoja, hiyo ni chuki watakayorithi wajukuu. Na Baba alishika mwiko wa wazee: habari ya kifo haiandikwi ikatumwa, inasemwa kwa mdomo. Basi watu wakimkimbilia yeye kabla ya kumwita mwosha maiti.

"Shikamoo mzee. Tumeondokewa."

"Marahaba. Poleni. Nani, na wa nani?"

Kisha anavaa miwani na kutoa vidude vyake viwili. Kimoja simu yake ya kitochi. Cha pili oganaiza, kitu bapa chenye kifuniko na vibonye vidogo kama mbegu za papai, alicholetewa na binamu yake Hamdu kutoka Muscat mwaka wa tisini na sita. Mle ndani mlikuwa na watu mia tatu na arobaini. Jina, namba, na chini yake nafasi ya kuandika neno. Mwingine angeandika anwani. Baba aliandika namna ya kumwambia mtu huyo habari ya kifo, na mwenyewe akiyaita maneno ya pembeni.

Nayakumbuka mengi. MWAMBIE AKISHAKULA. Huyo alikuwa na vidonda vya tumbo. KIZIWI, ONGEA NA MKWEWE. HASEMI NA NDUGUYE, MPIGIE HATA HIVYO. SEMA MGONJWA, KATA, NUSU SAA PIGA TENA. Na mzee mmoja wa Unguja aliandikiwa: HALII, ASIACHWE PEKE YAKE. Maneno hayo wenye jamaa zao ndio waliompa. Mtu anampigia, anasema mjomba, mama siku hizi ana presha, likitokea la kutokea usimwambie yeye, niambie mimi. Baba anaandika palepale, anamsomea alichoandika, ndipo wanaagana.

Ilifika mahali sauti yake yenyewe ikawa msiba. Namba ya Mzee Muhidini ikiita kwenye simu ya mtu, mtu anakaa chini kwanza. Siku ya Idi akitaka kusalimia jamaa ilimbidi aanze kwa kupiga kelele, "Kheri! Kheri tupu!" kabla hata ya salamu, la sivyo upande wa pili mtu keshaanza kulia. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akicheka pamoja nasi. Lakini kuna swali hakuliuliza akiwa na kheri hata siku moja: "Uko na nani hapo?" Ukisikia Muhidini anakuuliza uko na nani, jua kuna mtu wako amekwenda.

Sasa uzee ukaingia, kwake na kwa vidude vyake. Kitochi kikazama kibonye cha tano, na betri ikawa inashikiliwa kwa mpira wa kufungia noti. Oganaiza kioo chake kikafifia, ukitaka kusoma ukiinamishe juani. Na kichwa cha Baba nacho kikaanza kuvuja. Asubuhi moja aliniita kwa jina la marehemu mama yangu, akaniuliza chai ya wageni iko wapi, na wageni hakuna. Niliingia jikoni nikalia. Lakini kwenye kazi yake hakukosea hata mara moja, kwa sababu kazi hakuiweka kichwani, aliiweka mle ndani. Ndiyo maana aliniambia, "Zubeda, twende Kilindoni kabla hiki hakijazima. Kikizima, mimi nitaua watu."

Ndivyo alivyosema. Mimi nikamwambia, "Baba nawe, kwa kukuza mambo!"

Dukani kwa Fikiri tulikaa tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Fikiri alitutandikia simu juu ya kioo, na Baba kila simu akaiuliza swali moja tu: pa kuandika neno la mtu papo? Akaoneshwa kitochi kipya, laini mbili, tochi, chaji wiki nzima.

"Hiki ni jina na namba, mzee," Fikiri akasema. "Neno la nini tena?"

Baba akakipima mkononi, akabonyeza vibonye kimojakimoja. Kilimpendeza. "Nitachukua hiki," akasema, "na maneno nitayaandika kwenye daftari la karatasi."

Hapo ningenyamaza, jamani! Hapo tu. Mzee wa watu alikwisha chagua, na alichagua vizuri. Lakini pembeni ya kile kitochi kulikuwa na simu ya kupangusa, nyeusi, kioo kama maji. Wenzangu wote wa kulima mwani walikuwa nazo. Wakikaa kusokota kamba wanaoneshana picha na vichekesho, mimi nachungulia begani kama mwizi. Nilijua simu ile ikiingia nyumbani kwetu, mchana itakuwa ya Baba na jioni yangu. Nilitaka simu. Nisiwadanganye, hakuna sababu nyingine.

"Daftari?" nikasema. "Likilowa? Likiliwa na panya? Baba, chukua hii, ina nafasi ya maneno, hata kurasa kumi."

Fikiri naye, mfanyabiashara, akadakia. "Kweli mzee. Hii ina kalenda, ina kibla, ina Kurani nzima."

Baba akaigusa kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka. "Haina vibonye. Nitajuaje nimebonyeza?"

"Itakutetemekea."

"Na mimi natetemeka. Tutajuana vipi?"

Tukacheka. Nikamshika mkono. "Nitakuhamishia yote mimi mwenyewe."

"Na ya pembeni?"

"Na ya pembeni, Baba."

Akanitazama kidogo, kisha akamrudishia Fikiri kile kitochi.

Nilianza kwa ari. Oganaiza ilipanga majina kwa herufi, na herufi ya A peke yake ilikuwa na watu thelathini na moja. Nikaandika kila kitu, jina, namba na neno lake, siku tatu mgongo unaniuma na macho yanatoka machozi kwa kile kioo. Na maneno yale yalikuwa mazito, msidhani. Kila ukiandika moja unamwona mwenyewe siku yake itakapofika. Yakanichosha, tena yakaniudhi. Nikajiambia huu ni umbea wa wazee. Na huku vikundi vya wenzangu vimeshaniingiza, simu inalia kila dakika, huyu kaleta kichekesho, yule kaleta harusi. Kuanzia B nikaandika majina na namba tu. Ya pembeni nitayarudia, nikasema.

Bimkubwa alikuwa wa nne kwenye B. Huyu ni mtoto wa mama mkubwa wa Baba, dadake kabisa kwa malezi, walikula sahani moja hapahapa Kiegeani mpaka alipoolewa Tanga. Alikuwa na wana wawili. Taufiki aliishi naye kulekule na akifanya kazi bandarini. Iddi alirudi Mafia kwa wajomba, akawa anaendesha bodaboda, nanyi wote mmepanda pikipiki yake. Neno la Bimkubwa pembeni lilikuwa hili: MOYO. MAMA USIMPIGIE. TAUFIKI KWANZA, AFIKE NYUMBANI, NDIPO. Nililisoma kwa macho haya. Nikaandika jina, nikaandika namba, nikapita.

Nilipomaliza, Baba akataka kuona. Nikafungua Abdalla wa Jibondo, nikamsomea, "Mwambie akishakula." Akacheka. Nikafungua Ali wa Pangani, nikamsomea na lake.

"Na wote ni hivi?"

"Wote."

Akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua ndefu, mpaka mikono yangu ikachoka kukinga.

Wiki mbili baadaye oganaiza ikakataa kuwaka. Nikaipeleka kwa Fikiri kwa siri, akaitia betri mpya, zile ndogo kama vifungo vya shati. Ikawaka. Ikaniuliza leo tarehe ngapi. Hamna mtu mle ndani, hata mmoja. Je, nilimwambia Baba? Ng'o! Nilirudi nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka kabatini. Misiba miwili ikatokea, akapiga simu zake, alipokuta pembeni peupe akakilaumu kichwa chake, hakuna aliyedhurika. Nikapumua. Nikajiambia, mbona watu wanakufa na dunia inakwenda.

Ikaja Jumatano ile. Pikipiki ya Iddi iliteleza mchangani njia ya Kilindoni, akaukumba mnazi, akafa hata hawajamfikisha hospitali. Watu wakaingia uani kwetu na kofia yake mkononi. Mimi nilikuwa napaa samaki magamba. Baba akavaa miwani, akakaa barazani, akashika ile simu kwa mikono miwili kama alivyozoea kuishika. Nikamsikia anatafuta kwa sauti, "Bimkubwa, Bimkubwa," akaigeuza huku na huku. Kisha akapiga.

Nilijua anampigia Taufiki. Wallahi nilijua hivyo, maana mimi lile neno lilikuwa kichwani mwangu, nikasahau kwamba kwake halipo popote. Mpaka nikasikia, "Asalamu alaykum, dada. Mimi Muhidini."

Niliruka na kisu changu na magamba mikononi. "Baba!"

Akainua kiganja. Akiwa kwenye simu ya msiba hasemi mtu mwingine, hiyo ilikuwa amri ya nyumba yetu tangu utoto wangu. Nami nikanyamaza. Mtu mwenye domo kama langu, siku ya kulitumia, nikanyamaza.

"Uko na nani hapo, dada?" Baba akauliza.

Alikuwa ameweka sauti ya nje kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo nilisikia vizuri. Kwanza nilisikia mbuzi ya kukunia nazi ikisimama. Kisha sauti ya Bimkubwa, ndogo, "Muhidini, nani? Taufiki au Iddi?"

Baba hakujibu. Hakujua kusema uongo, maskini, na kweli hakutaka kuisema kwa mtu aliye peke yake.

"Iddi," Bimkubwa akasema. Kikaanguka kitu. Baba akaita, "Dada? Dada?" Redio ya kule ikawa inaendelea kutangaza bei ya korosho. Zile sekunde kwenye kioo zikawa zinahesabu, dakika ya pili, dakika ya tatu, naye anaita tu. Nilikwenda nikaikata mimi, nikaipaka magamba.

Baba akanitazama. "Nilikuwa kama najua kitu juu ya Bimkubwa," akasema. "Nikatazama pembeni, pako peupe. Nikasema basi nimechanganya na mtu mwingine."

Namba ya Taufiki tuliipiga mpaka tukachoka, haipatikani, na Iddi tulimzika alasiri. Taufiki alipiga jioni. Jirani alimkuta mama yake jikoni, juu ya nazi zake, keshapoa. Hakupiga kelele Taufiki. Alisema, "Mjomba, si nilikuomba? Si ulinisomea mwenyewe ulichoandika?"

"Uliniomba, baba," Baba akasema. "Sikuandika. Nimezeeka. Binti yangu kahamisha yote niliyokuwa nayo, nimeyaona kwa macho yangu. Kosa ni langu mimi."

Nami nimesimama pale na birika namnawisha mikono. Maneno yalikuwa mawili tu, ni mimi. Nilimmiminia maji mpaka birika likaisha, nikaingia ndani.

Tangu siku ile hakumpigia mtu tena. Alinipa simu mkononi, akasema, "Chukua mwanangu, mimi sina kazi nayo." Basi nikaipata niliyoitaka, mchana na jioni. Ninyi nanyi mkaanza. Mzee wa mkosi. Mzee kamuua dadake kwa simu. Watoto wenu wakawa wanatishana, usipokee, ni Muhidini. Misiba ikahamia kwenye vikundi, mnaandika tu mnatuma, na picha ya maua. Mkipita barazani kwake mnamtupia shikamoo bila kusimama, naye anaitikia marahaba kwa watu waliokwishapita. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliniambia nimpigie Taufiki amwombe radhi. Nilipiga. Iliita mpaka ikakatika, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Wiki ya mwisho wake alikuwa hali kitu, akinywa uji vijiko viwili. Mchana mmoja nimemwinua nimpake mafuta miguuni, akafungua macho, kichwa kimetulia kabisa kama zamani.

"Zubeda."

"Labeka, Baba."

"Hivi kweli sikuandika? Mbona najiona naandika? Nimekaa pale barazani, kuna mvua, namsomea Taufiki. Nasema moyo, mama usimpigie. Najiona kabisa."

Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeshika taa. Na mimi nilimjibu, "Hukuandika, Baba. Umechanganya."

Akasema, "Ah." Akafumba macho. Siku nne baadaye akafa, na katika siku nne hizo hakuniuliza tena. Uongo wa kwanza niliusema kwa uvivu, huu wa pili niliusema kwa woga, na wa pili ndio unaoniamsha.

Niliwapigia jamaa mimi, usiku uleule aliokata roho, kwa simu ile ile, nikisoma majina na namba na pembeni peupe. Taufiki alipokea. Alisema atakuja, na akaja, akasafiri usiku kucha akawahi boti ya asubuhi ya Nyamisati, na nguo zimemlowa mpaka magotini.

Jeneza lilipotolewa uani, Baba mdogo Shaibu akasimama mbele ya watu kama ilivyo ada. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mimi nimeshika nondo za dirisha. Akasema marehemu alikuwa binadamu, aliyekosewa naye amsamehe kabla hajaingia kaburini, na mwenye neno lake aliseme. Watu wakajibu, "Tumemsamehe." Wakataka kubeba.

Taufiki akanyanyua mkono. Akasogea mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya shuka. "Mimi ni mtoto wa Bimkubwa," akasema. "Nilimkatia simu mjomba miezi minane. Leo nasema mbele yenu, nimemsamehe kifo cha mama yangu. Mwenyezi Mungu naye amsamehe."

Kutoka dirishani kwangu mpaka alipokuwa ni hatua tatu. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na sauti, na Baba alikuwa bado yupo pale, hajabebwa. Uani wakaitikia amina. Ndani, wanawake wakaitikia amina. Nami nikaitikia nao.